Bastola ya kwanza ya kulenga shabaha kwa mfuko mdogo: .22, rivolva, 9 mm au ya upepo?

Jumapili moja jioni shemeji wangu anayekaa Mamboleo, Kisumu, alinipigia simu. "Shemeji, akiba imefika. Nataka bastola ya kulengea shabaha tu, si ya kutembea nayo kiunoni. Hela yenyewe si nyingi. Nichukue ipi?"

Nikamuuliza, "Utapiga risasi ngapi kwa mwezi?"

Akakaa kimya, kisha akasema hilo hajawahi kulifikiria.

Wengi hawalifikirii. Mtu huzunguka na bei ya bastola kichwani miezi sita, huku bastola ikinunuliwa mara moja na risasi zikinunuliwa daima. Nimewaona watu hapa Nakuru wakijinyima hadi wakapata bastola nzuri sana, halafu wakapiga risasi hamsini, wakaifungia kwenye sefu mwaka mzima kwa sababu za kupiga hazinunuliki. Shabaha ni kama kinanda: asiyekigusa kila wiki hajifunzi, hata kikiwa cha bei gani. Kwa hiyo katika ulinganisho huu nitaipa gharama ya mazoezi uzito kuliko umbo la bastola, na atakayeona nimeegemea huko atakuwa ameniona vizuri.

Nalinganisha aina nne: bastola ya .22 inayojijaza yenyewe, rivolva ya .22 (bastola yenye silinda inayozunguka), bastola ya 9 mm, na bastola ya upepo ya milimita 4.5. Namba hizo ni kaliba, yaani upana wa risasi; .22 ni kwa inchi.

Kwanza karatasi

Nchini Kenya bastola haianzii dukani. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inataka uwe na cheti kabla hujamiliki bunduki au risasi yoyote, na anayekitoa lazima aridhike kwamba una sababu nzuri na kwamba kukupa silaha hakutahatarisha watu. Mlevi na asiye na akili timamu hawapewi. Utahitaji cheti cha maadili mema, utahojiwa, na utaonyesha mahali pa kuihifadhi. Mwishoni mwa mwaka 2018 serikali iliwataka hata waliokuwa na leseni tayari wahakikiwe upya, kwa hiyo usidhani ukishapita mara moja umemalizana nao. Barua ya klabu ya shabaha husaidia sana kueleza sababu yako, na ndiyo maana nawaambia watu wajiunge na klabu kabla ya kuzungumza na duka.

Kuna jambo moja hapa ambalo linagusa uchaguzi wenyewe. Cheti hutaja aina ya silaha na kiasi cha risasi unazoruhusiwa. Ukichagua kaliba leo, umefungwa nayo. Ukitaka kubadilisha mwakani, unarudi kuomba. Huwezi kununua .22 leo na kesho ukaingia dukani ukatoka na boksi la 9 mm.

Na hiyo ya upepo? Wengi huiita kichezeo. Usiiagize kwa posta kutoka ng'ambo kwa dhana hiyo, ikakwamia forodhani nawe ukaandamana nayo. Ipeleke kwa afisa wa leseni kama swali kabla hujalipa hata senti, na jibu lake ulichukue kwa maandishi.

Nitapima kwa nini

Vigezo vyangu ni bei ya dukani, bei ya kila mlio, teke (msukumo wa bastola kurudi nyuma mkononi) na namna linavyofundisha au kuharibu mkono mchanga, mazoezi ya bila risasi, utunzaji katika hali ya hewa yetu, na mashindano unayoweza kuingia. Uzuri wa kutazama nimeuacha nje. Kila mtu ana macho yake.

Bei ya dukani

Nitatumia bei za Marekani kwa sababu ndiko nyingi zinakotoka au zinakopimwa. Kwetu huongezeka kwa usafiri, kodi na faida ya duka, lakini mpangilio wa nani ghali nani nafuu haubadiliki sana.

Rivolva ya .22 ya kuvuta nyundo kwa kidole ndiyo ya chini kabisa miongoni mwa zinazotumia baruti. Heritage Rough Rider huuzwa chini ya dola 200, na Ruger Wrangler, iliyotoka mwaka 2019, huwa juu yake kidogo. Rivolva za .22 zinazojivuta zenyewe ukikaza kidole, kama zile za Smith & Wesson, hupanda mno na hutoka nje ya mazungumzo ya mfuko mdogo.

Bastola ya .22 inayojijaza huanzia kama dola 300 kwa Taurus TX22 na hupanda hadi 400 na zaidi kwa Ruger Mark IV au Browning Buck Mark. Hizi mbili za mwisho zina mtutu usiosogea, kilengeo kimefungwa juu yake, na usahihi wake ni wa kushangaza kwa bei hiyo.

Ya 9 mm ina uwanja mpana. Taurus G3 huanza karibu na dola 300. Glock 17 au 19 huvuka 500. Faida yake hapa kwetu ni kwamba 9 mm ndiyo kaliba ya bastola iliyozoeleka kwa wenye leseni, kwa hiyo za mtumba zinapatikana, mafundi wanazijua, na magazini (vibebea risasi) za ziada si za kutafuta kwa tochi.

Ya upepo ni pana kuliko zote. Ya kupampu kwa mkono, kama Crosman 1377, haifiki dola 100. Ya mashindano halisi ya mita 10, ya Steyr au Morini, hupita dola 1,500. Anayekuambia kwamba bastola za upepo ni rahisi, muulize anazungumzia ipi.

Bei ya kila mlio

Hapa ndipo nilipomshika shemeji.

Chukua mtu wa kawaida anayekwenda uwanjani mara mbili kwa mwezi na kupiga risasi 100 kila safari. Hizo ni 2,400 kwa mwaka, na si nyingi. Ni kiasi cha kumfanya mtu aboreke polepole. Kwa bei za Marekani risasi moja ya .22 huwa karibu senti 8 za dola, na ya 9 mm karibu senti 25. Mwaka mmoja wa .22 unakula kama dola 190. Mwaka mmoja wa 9 mm unakula dola 600. Tofauti hiyo ya dola 400 ni bei ya bastola nyingine nzima, na inajirudia kila Januari.

Ya upepo hupiga peleti za madini ya risasi (Kiswahili chetu kimezibatiza risasi za bunduki zote jina la madini haya), na mkebe wa peleti 500 huwa kati ya dola 10 na 15. Mwaka wako mzima unaingia kwenye dola 50 hadi 75. Ukichagua inayotumia mtungi mdogo wa gesi wa gramu 12, kila mtungi hutoa mipigo kama 40 hadi 70, na gharama hiyo ya gesi inaweza kuongeza matumizi yako maradufu. Ya springi au ya kupampu haina gharama hiyo.

Kati ya rivolva ya .22 na ile inayojijaza, risasi ni ileile na bei ni ileile, lakini matumizi si yale yale, na hili nilijifunza kwa kutazama wengine. Rivolva ya kuvuta nyundo hujazwa risasi moja moja kupitia kidirisha cha pembeni, sita tu, na maganda hutolewa moja moja vilevile. Mtu anapiga sita, anakaa, anatazama karatasi yake, anajaza. Mwenye magazini ya risasi kumi humaliza boksi kabla chai haijapoa. Kama mfuko wako ni mdogo kweli na subira yako ni ndogo pia, rivolva itakulazimisha kuwa na adabu.

Sasa ongeza safari. Uwanja wa Kirigiti, Kiambu, ndio unaojulikana zaidi kwa wapiga bastola raia. Kutoka Nakuru hadi Nairobi ni kama kilomita 160, na kutoka Kisumu ni kama 350. Mtu wa Kisumu anayekwenda na kurudi kwa gari linalokula lita moja kwa kilomita 12 anachoma karibu lita 58. Zidisha mwenyewe kwa bei ya pampu ya mwezi huu. Kwa safari kama hiyo, kupiga risasi 50 za 9 mm na kugeuza gari ni hasara. Lakini 200 za .22 zinaifanya siku iwe na maana. Ndiyo sababu kitu cha kwanza kuulizia ni uwanja wa karibu nawe unaoruhusu raia, uwe wa klabu au wa taasisi, na kaliba wanazozikubali pale.

Teke, na mkono mchanga

Nilianza na 9 mm. Niliazimwa na klabu, nikajiona nimefika. Wiki ya kwanza matundu yangu yalitapakaa karatasi nzima. Wiki ya nne yalikusanyika, lakini yote chini kushoto, na mimi ni wa mkono wa kulia. Nikailaumu bastola. Nikalaumu kilengeo. Mwalimu wetu wa uwanjani, mzee mtulivu, hakunibishia. Aliichukua magazini yangu, akageuka, akachanganya risasi mbili bandia katikati ya zile za kweli, akanirudishia. "Piga, kijana."

Mlio wa kwanza, wa pili. Wa tatu haukulia: nilikandamiza kifyatulio, na badala ya mlio nikaona mdomo wa bastola ukizama chini kwa nguvu, mbele ya macho yangu, bila teke lolote. Ni mimi niliyeuzamisha. Mwili wangu ulikuwa umejifunza kungoja kishindo na kukipinga kabla hakijaja.

Woga huo wa mkono hutibika, lakini nilitumia miezi mingi kuutoa, na risasi nyingi. Tazama vipimo. Risasi ya .22 ina uzito wa gramu 2.6 hivi na hutoka na nishati ya takriban jouli 140. Ya 9 mm ina gramu 7.5 hadi 8 na karibu jouli 480, zaidi ya mara tatu. Mkono ambao haujawahi kushika bastola huusikia utofauti huo kabla ya ubongo.

Bastola ya .22 inayojijaza ina teke dogo na mlio mwepesi, na kwa yenye mtutu mzito utaona kilengeo kinainuka kidogo na kurudi palepale. Utaweza kujiona ukikosea. Rivolva ya .22 ina teke dogo vilevile, lakini mshiko wake wa kizamani hujiviringisha kiganjani, na kila mara unauachia kidogo ili kuvuta nyundo. Unajifunza kushika upya mara mia kwa siku. Kwa baadhi hilo ni mafunzo mazuri. Kwa wengine ni kero. Kuvuta nyundo kwanza pia hufanya kifyatulio kiwe chepesi na kifupi, na hapo rivolva ya bei ya chini huwashinda wakubwa wake.

9 mm ya chuma, yenye uzito wa kilo moja hivi, kama CZ 75, husukuma tu. Ileile 9 mm katika bastola ndogo ya plastiki ya kubebea kiunoni hupiga teke la punda. Ukiamua kuchukua 9 mm kwa shabaha, chukua kubwa. Kosa ninaloliona mara nyingi ni mtu kununua bastola fupi kwa sababu ni nafuu na inapendeza mkononi dukani, kisha anashangaa kwa nini hapigi karatasi mita 15.

Ya upepo haina teke la kusema, isipokuwa za springi, ambazo hujirusha mbele na nyuma kabla peleti haijatoka mdomoni. Hiyo ya springi ni ngumu kulenga kuliko inavyofikiriwa; ukiiweza, mkono wako umetulia kweli. Lakini nawaonya wanaotaka kuhamia 9 mm baadaye: ya upepo itakufundisha kilengeo, pumzi na kidole cha shahada, ila haitakufundisha kuvumilia kishindo.

Masikio hayana mjadala. .22 ni ndogo lakini inatosha kuharibu usikivu, na 9 mm chini ya paa la mabati ni mbaya zaidi. Vizuia sauti vya masikioni na miwani ya kinga vinaingia kwenye bajeti kabla ya risasi.

Kufyatua bila risasi

Nusu ya ustadi hupatikana nyumbani kwa kufyatua bastola tupu, risasi zikiwa chumba kingine na mdomo ukielekezwa ukuta ambao hata ukikosea hapaumii mtu. Bastola nyingi za kisasa za 9 mm huvumilia hilo bila shida. .22 ni hadithi nyingine: pini yake hupiga ukingo wa risasi, na pasipokuwa na risasi inaweza kugonga ukingo wa chemba na kuuharibu. Ruger Mark IV imetengenezwa kuhimili; nyingine nyingi zinahitaji risasi bandia, na kitabu cha mtengenezaji ndicho cha kufuatwa. Ya springi usiifyatue tupu kamwe, utavunja pistoni yake. Rivolva ni rahisi kuthibitisha kuwa tupu kuliko zote: zungusha silinda, hesabu mashimo sita.

Vumbi la Nakuru, unyevu wa Kisumu

Sisi wa Nakuru tunajua upepo wa saa nane mchana unavyoinua vumbi jeupe kutoka kingo za ziwa. Risasi za .22 zimepakwa nta au mafuta, kwa hiyo vumbi linazigandia, na masizi yake ni mengi. Bastola ya .22 inayojijaza ndiyo inayolalamika mapema zaidi: baada ya mipigo mia tatu au mia nne ambayo haijasafishwa, huanza kukwama. 9 mm, risasi yake ikiwa imevikwa shaba, ni safi zaidi na ina nguvu ya kujisukuma. Rivolva haina cha kukwama isipokuwa silinda yenyewe ikijaa masizi usoni.

Kuna jambo la .22 ambalo lazima ulijue kabla hujalala nalo: kwa kuwa kiwashio kimepakwa ndani ya ukingo wa ganda, risasi butu hutokea mara nyingi kuliko kwenye 9 mm. Ukifyatua na isilie, acha mdomo uelekee shabaha, hesabu sekunde 30, ndipo uitoe. Wakati mwingine baruti huchelewa.

Kisumu adui ni kutu. Hewa ya ziwani ina unyevu mwaka mzima, na chuma cheusi kisichopakwa mafuta huota madoa kwa siku chache. Usiihifadhi bastola ndani ya mfuko wa ngozi, kwani ngozi hunyonya unyevu na kuukumbatisha kwenye chuma. Weka vipakiti vya kukaushia ndani ya sefu na uvikaushe kila mwezi. Wa Kakamega, ambako mvua ya alasiri ni desturi, ushauri ni uleule. Kwa hali hiyo bastola za plastiki zenye chuma kilichotiwa rangi ngumu zina nafuu juu ya rivolva ya chuma cheusi.

Zinazotumia gesi zina tabia yao. Shinikizo la gesi hushuka baridi ikiingia, kwa hiyo asubuhi ya Julai hapa Nakuru, vidole vikiwa vimeganda, peleti zako zitashuka chini ya pale zilipokuwa Kisumu adhuhuri. Si kosa lako. Ukivuka Mau Summit na bastola ya gesi, weka kilengeo upya ukifika.

Kuhusu kufungua na kusafisha: Ruger za .22 za zamani, kabla ya Mark IV ya mwaka 2016, zina sifa mbaya ya kukataa kurudi pamoja. Ukiuziwa moja ya mtumba, jifunze kwa aliyeizoea.

Mashindano

Kama ndoto yako ni kushindana kwa mtindo wa IDPA au IPSC (kupiga shabaha nyingi kwa kasi huku ukisogea), ambao ndio unaowavuta wengi Kirigiti, .22 haitakuingiza katika madaraja ya kawaida. Yanaanzia 9 mm. Na rivolva ya kujaza risasi moja moja haina nafasi kule. Kwa mtu huyu akiba ya .22 inaweza kugeuka hasara ya kununua mara mbili.

Lakini kuna upande mwingine unaosahaulika. Kwenye Michezo ya Olimpiki, matukio ya bastola ni ya mita 10 kwa upepo na mita 25 kwa .22. Hakuna 9 mm hata moja. Kwenye mita 10 duara la kumi lina kipenyo cha milimita 11.5, dogo kuliko ukucha wa kidole gumba cha wengi, na mshindani hupiga mipigo 60 amesimama kwa mkono mmoja. Aliye na bastola ya upepo mkononi hana haja ya kumwonea haya mwenye Glock.

Ya mtumba

Kwa 9 mm na rivolva kuna akiba ya kweli. Nunua kupitia duka lenye leseni pekee, karatasi zihamishwe kihalali, na usikubali "tutamalizia baadaye". Angalia ndani ya mtutu kwa tochi, tikisa silinda ikiwa imefungwa uone kama inacheza, na omba kupiga risasi chache uwanjani kabla ya kulipa. Anayekataa hilo la mwisho, agana naye.

Kwa hali yako

Kama hujawahi kupiga bastola kabisa, usinunue chochote mwezi huu. Uliza klabu kama inaruhusu mgeni apige chini ya usimamizi, upige .22 na 9 mm siku moja, na ulete karatasi zako mbili nyumbani. Zitakushauri kuliko mimi.

Kama uko karibu na uwanja na unaweza kwenda kila wiki, na lengo lako ni kujifunza kupiga vizuri, bastola ya .22 inayojijaza yenye mtutu mzito itakulipa haraka. Hakikisha tu kwanza kwamba duka lako linapata risasi za .22 bila kukatika. Piga simu maduka mawili, uliza zilizopo leo, si zinazotarajiwa.

Kama mfuko ni mdogo kiasi kwamba hata risasi za .22 utazihesabu, na unapenda kazi ya taratibu, rivolva ya .22 itakutosha miaka. Inafaa pia kwa nyumba ambako wawili wenye vyeti watajifunza pamoja, mmoja akipiga na mwingine akitazama, kwa sababu kila mtu anaona kwa macho kama imejaa au la.

Kama unajua tayari unataka IDPA, au klabu yako inapiga 9 mm tu, au cheti chako kitaruhusu silaha moja tu nawe huna hamu ya kurudi kuomba tena, chukua 9 mm kubwa, na panga bajeti ya risasi kabla ya kupanga bastola. Fyatua tupu nyumbani mara tano kwa kila risasi moja utakayoipiga uwanjani. Na muombe mwalimu akuchanganyie risasi bandia tangu wiki ya kwanza.

Kama uko mbali na viwanja vyote, una kiwanja chako chenye ukuta imara au kilima nyuma, na afisa wa leseni amekupa ruhusa kwa maandishi, ya upepo ndiyo pekee itakayokuwezesha kupiga kila siku. Ukifika uwanjani mara moja kwa miezi miwili, utawashangaza.

Shemeji alinipigia tena baada ya wiki tatu. Alikuwa amepata klabu, amepiga kaliba zote mbili, na amehesabu kwamba ataweza kusafiri mara moja tu kwa mwezi. Amejaza fomu ya .22 inayojijaza. Dada yangu alichukua simu kabla hajakata, akaniambia yeye ana sharti moja tu: sefu ifungwe kwa bolti ukutani, ufunguo usikae mlangoni, na risasi zikae kwenye sanduku jingine lenye kufuli lake. Nikamwambia shemeji asilipe bastola mpaka fundi awe amemaliza ukuta.